Nilimlipa meneja wa mradi anisimamie jengo langu Arua: tathmini ya kazi yake na vyeti vyake

Tangu Agosti 2023 nimekuwa mteja wa kampuni ndogo ya usimamizi wa miradi ya ujenzi, yenye ofisi Kampala na mtu wake mmoja huku Arua, na kwa kuwa jengo limekwisha kukabidhiwa na wapangaji wameingia, naona nimepata haki ya kuandika nilichokipata kwa fedha zangu. Jina la kampuni sitalitaja, kwa sababu pamoja na sifa nina malalamiko, na baadhi ya malalamiko hayo yanamgusa mkandarasi ambaye hayupo hapa kujieleza. Jengo lenyewe si la kutisha: maduka manne chini, vyumba vya kupangisha juu, slabu moja katikati, yaani sakafu ya zege inayobeba ghorofa ya juu, na paa la mabati, katika kiwanja nilichonunua kwa kiinua mgongo changu cha ualimu.

Kilichonipeleka kwao ni nyumba yangu ya kwanza. Ilisimamiwa na shemeji yangu, mtu mwema asiye na hila, ambaye kila Ijumaa alinipigia simu akiomba fedha za saruji, na Jumatatu akanipigia tena akiomba fedha za saruji ileile. Nilipomwomba daftari la matumizi alinigusia kichwa chake kwa kidole, yaani yote yamo humo. Ukuta wa nyuma ulipata ufa kabla haujapakwa rangi. Nikaapa kwamba nikijenga tena, nitamlipa mtu ambaye si ndugu, na ambaye nitaweza kumuuliza swali bila kuharibu sikukuu ya familia.

Watu wengi hapa mjini wakisikia meneja wa mradi hudhani ni fomeni aliyevaa shati safi. Fomeni ni mtu wa mkandarasi, anayepanga mafundi na vibarua wa siku hiyo. Msanifu majengo huchora. Mhandisi wa miundo hukokotoa ukubwa wa nguzo na nondo zake. Mkadiriaji majenzi huhesabu vifaa na kazi na kuviwekea bei katika ile orodha ambayo kila fundi huiita BOQ. Meneja wa mradi hamnyang'anyi yeyote kati yao kazi yake. Yeye hukaa upande wa mwenye jengo, akahakikisha kwamba mchoro wa mmoja haupingani na hesabu ya mwingine, kwamba fedha hutoka baada ya kazi kupimwa na si kabla, na kwamba kazi ya mwezi ujao imeandaliwa mwezi huu.

Kwa kuwa nimesahihisha mitihani maisha yangu yote, niliomba vyeti kabla ya kuomba bei. Hapa ndipo nilipojifunza jambo ambalo nadhani wengi hawalijui. Sheria za Uganda zina bodi ya kusajili wahandisi, kwa sheria ya tangu 1969, na zina bodi ya wasanifu majengo na bodi ya wapimaji, ambayo ndiyo nyumba ya wakadiriaji pia. Jina la meneja wa mradi halina bodi ya namna hiyo. Mtu yeyote anaweza kulichapisha kwenye kadi yake asubuhi na mchana akaanza kutafuta wateja. Kwa hiyo cheo hakikwambii kitu mpaka uulize kimesimama juu ya taaluma gani.

Meneja wa mradi ambaye kampuni ilinipa, Injinia wetu kama tulivyomwita tangu siku ya kwanza, alianza na diploma ya ujenzi katika chuo cha ufundi cha Elgon kule Mbale, akafanya kazi, kisha akaenda Makerere kusomea shahada ya uhandisi wa ujenzi. Alikuwa na namba ya usajili ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na usajili huo hautolewi kwa kuwa na shahada peke yake: mhitimu hutakiwa kufanya kazi kwanza chini ya mhandisi aliyekwisha kusajiliwa, aandike aliyoyafanya, kisha ahojiwe. Orodha ya waliosajiliwa iko wazi kwa umma, nami niliitazama kwenye simu yangu nikiwa nimeketi mbele yake, jambo ambalo halikumkera hata kidogo. Ningeshauri kila mwenye kujenga afanye hivyo hivyo, na atazame uso wa mtu wakati anapofanya.

Juu ya hayo alikuwa na cheti cha usimamizi wa miradi kiitwacho PMP, kinachotolewa na PMI, taasisi ya Marekani ya usimamizi wa miradi, iliyoanzishwa mwaka 1969. Mwenye shahada hawezi kukaa mtihani wake mpaka awe ameongoza miradi kwa miezi 36, na mwenye diploma kwa miezi 60, wote wakiwa na saa 35 za masomo ya usimamizi wa miradi. Na baada ya kufaulu, kila miaka mitatu lazima aonyeshe kwamba ameendelea kujifunza, la sivyo cheti hufa. Ni cheti cha heshima, lakini nilipomuuliza kinasema nini kuhusu zege, alicheka akajibu kwamba hakisemi lolote, kwa sababu mtengenezaji wa programu za kompyuta na mratibu wa chanjo hufanya mtihani uleule. Jibu hilo lilinipa imani kuliko cheti chenyewe. Maoni yangu ni kwamba PMP bila taaluma ya ujenzi ni shati bila suruali, na uhandisi bila usimamizi unakaribia kuwa hivyo pia, kwa maana nimekutana na wahandisi hodari wa hesabu ambao hawawezi kuandika barua ya kurasa mbili ya kumwambia mkandarasi kwamba amechelewa na kwa nini.

Kitu cha mwisho nilichofanya kabla ya kusaini hakikuwa cha makaratasi. Nilipanda gari hadi Nebbi kutazama bweni alilolisimamia miaka minne kabla, nikamwomba mlinzi anifungulie. Sikutazama rangi. Nilitazama chini ya madirisha, kwenye pembe ambako ufa huanzia, na nikamuuliza mlinzi kama maji ya mvua huingia ndani. Alisema huingia mlango mmoja tu, na kwamba Injinia alirudi mara mbili kwa ajili ya mlango huo. Nilirudi Arua nikasaini.

Mkataba ulikuwa wa malipo ya kiasi kilichotajwa, kilichotokana na asilimia sita ya makadirio ya gharama, kulipwa kwa hatua. Mwanzoni niliona ni fedha nyingi za kumpa mtu asiyebeba hata tofali, na bado sisemi kwamba ni kidogo. Yeye ndiye aliyeshauri malipo yasifungwe kwenye gharama halisi itakayotokea, kwa hoja kwamba msimamizi anayelipwa asilimia ya gharama halisi hana sababu ya kuhuzunika gharama zikipanda. Sikuwa nimelifikiria hilo.

Kuanzia Septemba hadi Desemba hakuna tofali lililowekwa, na majirani walianza kuniuliza kwa upole kama fedha zimekwisha. Katika miezi hiyo michoro ilikamilishwa na kupelekwa kwa kamati ya majengo ya jiji, kwa mujibu wa Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya mwaka 2013, na kibali kikapatikana. Yalichimbwa pia mashimo matatu ya kuchunguza udongo. Mawili yalitoa udongo mzuri. La tatu, kwenye pembe ambako nguzo mbili zilikuwa zikae, likafichua choo cha shimo cha zamani kilichojazwa takataka na kufukiwa, pengine kabla ya aliyeniuzia kiwanja kukinunua. Mhandisi wa miundo alibadilisha msingi wa pembe ile ukiwa bado kwenye karatasi, ambako kubadilisha msingi hugharimu wino na siku chache. Shemeji yangu, aliyekuja kutazama, alikaa kimya muda mrefu kisha akasema kwamba sasa anafikiri anajua ule ufa wa nyumba ya kwanza ulitoka wapi.

Msingi ulianza Januari 2024, kwa sababu Injinia alipanga ratiba yote kwa kuanzia mvua. Huku kwetu ukavu ni wa Desemba hadi Machi, na mvua nzito ni za Agosti hadi Oktoba, hivyo kila kitu kilichokuwa chini ya ardhi kilitakiwa kiishe kabla ya Aprili. Ratiba yenyewe ilikuwa karatasi kubwa yenye mistari ya rangi, na mistari michache myekundu ikipita katikati yake. Alinieleza kwamba ile myekundu ni mfululizo wa kazi ambazo mojawapo ikichelewa siku moja, jengo zima huchelewa siku moja. Nyingine zina nafasi ya kupumua. Ni mbinu iliyobuniwa katika viwanda vya Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950, nami nakiri niliidharau mpaka Mei.

Mwezi huo malori makubwa yalizuiwa kupita daraja la Karuma katika Mto Nile, ambalo ndilo mlango wa karibu kila kitu kinachotoka Kampala kuja huku kwetu West Nile, na baadaye mwaka huohuo likafungwa kabisa kwa matengenezo. Wanaojenga Arua wakati ule hawahitaji kuelezwa. Bei ya usafirishaji ilipanda, na wenye majengo wengi walisimamisha kazi wakingoja. Injinia alikuja siku ya pili akiwa na karatasi yake, tukakaa chini ya mwembe, akaanza na mistari myekundu. Nondo zote za slabu, akasema, tuzinunue sasa hata kama hatuzihitaji kwa wiki saba, kwa sababu chuma kikifunikwa na kuinuliwa kutoka ardhini hakiharibiki. Saruji tusiirundike, kwa sababu mfuko uliokaa ghalani miezi mitatu katika unyevunyevu hupoteza nguvu, na mtu anayejivunia akiba ya saruji mara nyingi anajivunia mawe madogo. Badala yake tuache kuchukua saruji kwa mawakala wa Kampala, tuagize moja kwa moja kutoka Tororo, kwa kuwa lori la Tororo hupita Mbale, Soroti na Lira, likatokea Kamdini upande wa pili wa mto, wala halina haja na daraja la Karuma.

Mwalimu wa jiografia angeliona hilo kwenye ramani kwa dakika mbili. Lakini hakuna kati yetu aliyeliona, si mimi, si mkandarasi, si wenye maduka ya vifaa ambao waliendelea kulaumu daraja kwa wiki kadhaa. Nikipima huduma hii kwa siku moja tu, ningeipima kwa siku ile chini ya mwembe.

Siku ya pili ninayoikumbuka haikuwa ya raha. Slabu ilikuwa imwagwe siku ya Jumamosi. Mashine ya kuchanganyia zege ilikuwa imekodiwa, vibarua zaidi ya ishirini walikuwa wamefika alfajiri, na mama lishe alikuwa ameshapika. Injinia alipanda ngazi akiwa na futi yake, akapima umbali kati ya nondo na nondo, akashuka, akafungua mchoro, akapanda tena. Mchoro ulidai milimita 150. Juu ya maduka mawili ya mwisho nondo zilikuwa zimefungwa kwa milimita 200, na mahali pengine zimelala moja kwa moja juu ya mbao, bila vile vipande vidogo vya zege vinavyoziinua ili zije zifunikwe pande zote. Alisema zege halimwagwi.

Mkandarasi alifoka kwamba amejenga hivyo miaka kumi na mitano na hakuna kilichoanguka. Nami, niseme ukweli, moyoni nilikuwa upande wa mkandarasi, kwa sababu niliona mchele ukipoa na fedha za siku zikiyeyuka. Injinia hakupandisha sauti. Alisema, "Mwalimu, jengo ni lako, na unaweza kuniondoa leo, ila sahihi yangu haitakuwepo chini ya slabu hii." Tulipoteza siku nne. Gharama ya siku hizo, kwa mujibu wa mkataba alioandika yeye, ilikuwa ya mkandarasi na si yangu, na hiyo ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuelewa kwa nini alinisumbua jioni nzima kwa ajili ya kifungu kimoja.

Zege lilipomwagwa hatimaye, walijaza vikasha vya milimita 150 kwa kila upande, wakavipeleka maabara kuvunjwa baada ya siku saba na siku 28. Matokeo ya siku saba huonyesha kama theluthi mbili ya nguvu itakayofikiwa, hivyo mtu hapati mshangao mkubwa mwishoni. Slabu ilimwagiliwa maji asubuhi na jioni kwa wiki mbili, na nguzo za mbao zilizoishikilia kwa chini hazikuguswa mpaka majibu yaje, ingawa fomeni alizitamani sana kwa kazi nyingine.

Kuhusu usalama sina mengi: Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 ilitekelezwa kiasi cha kofia, viatu na kamba za kuzuia watoto wa jirani, na katika muda wote hatukuwa na jeraha zaidi ya kidole. Kila Jumatatu asubuhi Injinia alizungumza na mafundi kwa Kiswahili, kwa sababu katika kikosi kile walikuwamo Walugbara, Wanubi, Waalur na mafundi wawili kutoka Kongo, na hakuna lugha nyingine iliyowafikia wote.

Hapo ndipo lalamiko langu la kwanza linapoanzia. Mdomoni Kiswahili, kwenye karatasi Kiingereza kitupu. Taarifa ya mwezi ilikuwa na kurasa kumi na tisa, picha nyingi, michoro ya duara ya rangi, na maneno ambayo hata mimi niliyesoma nililazimika kuyarudia. Maagizo ya maandishi kwa mafundi nayo yalikuwa hivyo hivyo, kisha tukashangaa wanapoyafuata kwa kukisia. Niliomba ukurasa mmoja wa Kiswahili unaojibu mambo manne: kilichofanyika, kilichotumika, kinachokuja, na ninachotakiwa kuamua. Niliupata baada ya barua tatu. Ulipokuja ulikuwa mzuri kuliko zile kurasa kumi na tisa, na sioni kwa nini kampuni inayofanya kazi katika nchi ambayo Kiswahili ni lugha rasmi ya pili isubiri kuombwa.

Lalamiko la pili ni zito zaidi. Baada ya paa kuezekwa, Injinia alipata mradi mwingine, na saiti yangu akaachiwa kijana mmoja mpole, mhitimu mpya, hodari wa kompyuta. Mkataba ulitaja kampuni, haukutaja mtu, nami sikuwa na la kusema. Kazi za kumalizia ndizo zilizoumia. Vigae vya bafu mbili viliwekwa bila mteremko wa kutosha kuelekea kwenye tundu la maji. Milango mitatu ilifungwa kabla mbao hazijakauka ikapinda. Soketi za umeme katika duka moja zikajikuta nyuma ya mahali ambapo kila mtu angejua kwamba kabati litakaa. Kijana aliyaandika yote hayo katika orodha safi kabisa ya kasoro, lakini aliyaandika baada ya kutokea. Nikiingia mkataba mwingine wa namna hii nitataka jina la mtu, siku zake za kufika saiti kwa wiki, na haki yangu ya kumkataa mbadala wake.

Kwa hesabu, jengo lilizidi makadirio kwa asilimia saba, ndani ya akiba ya asilimia kumi iliyotengwa tangu mwanzo, na lilichelewa wiki sita. Siwezi kudai kwamba bila meneja wa mradi ningepoteza zaidi, kwa kuwa jengo lililojengwa bila yeye halipo nikalipima. Ninachoweza kusema ni kwamba kila shilingi ina karatasi yake, na kwamba kibali cha kuanza kutumia jengo kilipatikana bila mimi kukaa kwenye benchi la ofisi yoyote. Anayejenga vyumba viwili vya kuishi nadhani atatosheka na mhandisi wa kuja kukagua kwa hatua. Anayepanda juu ya slabu, hasa akiwa anaishi mbali na kiwanja, simwoni akiokoa kitu kwa kukwepa gharama hii. Kwa mipango na kusimamia fedha nawapa alama tisa kwa kumi. Kwa kazi za kumalizia, tano, na hiyo ni kwa huruma ya mwalimu mstaafu.

Jengo lilikabidhiwa Machi 2025. Injinia alikuwa amekataa kipindi cha miezi sita cha kurekebisha kasoro alichokitaka mkandarasi, akashikilia miezi kumi na miwili, ili paa lionje msimu mzima wa mvua likiwa bado chini ya dhamana. Agosti maji yalipita kwenye maungio ya mfereji wa bati juu ya chumba cha tatu. Nilipiga simu siku ya Jumanne; Alhamisi alikuwa juu ya paa yeye mwenyewe, si yule kijana, pamoja na mkandarasi na ndoo mbili za maji za kujaribia. Nusu ya fedha za mkandarasi, zilizozuiliwa kama dhamana ya kurekebisha kasoro, niliziacha kwenye akaunti yangu, kwa makubaliano kwamba miezi kumi na miwili ikiisha watapanda tena wote wawili kabla sijaitia sahihi hundi.